Ugonjwa Ulioko Kwenye Soketi: Kwa Nini Skrini za Chogo Zinakufa Juba, na Zipi Zinafaa Kufufuliwa

Skrini ya chogo ikizima Juba, mwenye kibanda cha gemu huuliza jambo moja: itengenezwe, au inunuliwe bapa? Ana haki ya kuuliza, maana kila siku skrini inapolala ni siku isiyo na mapato. Lakini jibu haliwezi kupatikana kabla ya mengine matatu: nini kimeiua, sehemu gani imekufa, na ikipona itarudi kwenye umeme wa namna gani. Mafundi wengi hulijibu vizuri la pili. La kwanza na la tatu huachwa, na hapo ndipo fedha za mteja zinapopotea. Hoja yangu ni kwamba katika mazingira ya Juba skrini nyingi za zamani haziuawi na umri. Zinauawa na umeme mbovu, joto na vumbi, na matengenezo yanayoishia kwenye bodi bila kufika kwenye soketi ni nusu ya kazi.

Kabati la gemu na televisheni ni ndugu

Taito ya Japani ilitoa Space Invaders mwaka 1978, na Namco ikafuata na Pac-Man mwaka 1980. Makabati ya gemu ya kutumbukiza sarafu yalijaza kumbi za Tokyo na Chicago, lakini Afrika Mashariki vijana wengi walicheza kwa njia nyingine: kibanda cha mabati, benchi la mbao, televisheni ya inchi 14 au 21 na PlayStation ya pili, ile iliyoanza kuuzwa Japani Machi 2000. Anayejua kufungua televisheni hiyo amekwishajua sehemu kubwa ya skrini ya kabati la gemu, kwa sababu ndani ni mashine ileile.

Zote mbili zina tyubu ya kioo isiyo na hewa, aina ya chombo alichokibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Shingoni mna filamenti inayopasha moto kathodi tatu, na kathodi hizo hurusha elektroni kuelekea kwenye uso wa kioo uliopakwa fosfa. Koili zilizofungwa shingoni huupeleka mwale kushoto na kulia, juu na chini. Katika televisheni ya mfumo wa PAL mwale huchora mistari 15,625 kwa sekunde, na katika makabati mengi ya zamani ni takribani 15,700. Tofauti ni ndogo mno kubadilisha namna ya kutafuta ubaya.

Tofauti za kweli ni mbili. Skrini ya kabati, kama Electrohome G07 au Wells-Gardner K7000 zilizotumika sana Marekani, haina sehemu ya kunasa stesheni. Inapokea nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake kutoka kwenye bodi ya gemu. Ya pili inahusu uhai wa mtu: skrini nyingi za aina hiyo hutegemea transfoma ya kutenganisha umeme iliyofungwa chini ya kabati, na zilitengenezwa kwa volti 120 za Marekani au 100 za Japani. Anayeichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 huichoma papo hapo, na anayeipa volti sahihi lakini akairuka transfoma huacha chuma cha chasisi kikiwa na umeme wa ukutani.

Umeme unaoua kabla ya uzee

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mpaka leo chini ya asilimia 10 ya wananchi wake wana umeme nyumbani. Ndani ya Juba hali ilibadilika kiasi mwaka 2019, ilipowashwa mitambo ya mafuta ya megawati 33 ya kampuni ya Ezra, huku usambazaji ukishikwa na shirika la JEDCO. Hata hivyo maduka na vibanda vingi bado huishi kwa jenereta, na wanaoweza huongeza sola na betri. Nchi inachimba mafuta ghafi, lakini petroli na dizeli za mjini huletwa kwa malori, na gharama ya kila lita inamfanya mwenye kibanda anunue jenereta dogo kuliko mzigo wake.

Jenereta dogo halina subira. Friji ya jirani ikishtuka kwenye waya uleule, volti zinaanguka. Friji ikizima, zinaruka juu kabla injini haijatulia. Mafuta yakikaribia kwisha, injini inaguguma na umeme unapanda na kushuka mara nyingi kwa dakika. Sehemu ya umeme ya televisheni za miaka ya mwisho ya chogo huvumilia volti za chini; nyingi zimeandikwa mgongoni kwamba zinafanya kazi kuanzia volti 110 au 150. Zinachoshindwa kuvumilia ni kuruka juu. Volti 230 za ukutani zikipita kwenye dayodi huwa takribani 325 katika kapasita kubwa ya kuchujia, na kapasita hiyo kwa kawaida imeandikwa 400. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Jenereta likiruka hadi 290 kwa muda mfupi tu, kapasita inapokea zaidi ya 400, na transista ya umeme iliyo nyuma yake ndiyo inayolipa.

Kuna jambo lingine ambalo wateja hulilaumu bila kulijua. Kila televisheni ya rangi ya chogo ina koili kubwa inayouzunguka uso wa tyubu kwa ajili ya kufuta usumaku, na koili hiyo huwashwa kupitia kifaa kinachoitwa posista. Televisheni ikiwashwa ikiwa baridi, koili hunyonya ampea kadhaa kwa sekunde moja hivi, kisha posista hupata moto na kuikata. Kwa gridi imara hiyo si kitu. Kwa jenereta la wati mia chache, ni pigo. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huchomoa plagi ya koili hiyo kabisa. Jenereta linatulia, lakini baada ya muda madoa ya kijani na zambarau hujitokeza pembeni mwa picha, na mteja huambiwa tyubu imechoka. Tyubu haijachoka, imenyimwa tu kitu kinachoisafisha.

Inveta za bei nafuu nazo zina lao. Hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini. Televisheni huwaka, lakini kilele cha volti huwa cha chini kuliko kinavyotarajiwa na sehemu ya umeme hufanya kazi kwa joto zaidi. Si sumu ya mara moja, ni uchovu wa pole pole.

Joto linalokula kapasita

Machi ndio mwezi wa joto kali Juba. Wastani wa joto la mchana hukaribia nyuzi 37, na chini ya paa la bati huwa zaidi. Kiangazi huja na vumbi jekundu linaloingia kwenye matundu ya mgongo wa televisheni na kutanda juu ya bodi kama blanketi. Kinachoumia kwanza ni kapasita za maji, zile za mviringo zenye kofia ya bati.

Hesabu yake ni rahisi kufuata. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa nyuzi 85 na saa 2,000 inaahidi saa hizo ikifanya kazi kwenye joto la nyuzi 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza maisha yake mara mbili. Ikikaa kwenye nyuzi 55, tarajia saa kama 16,000; kwenye nyuzi 65, saa 8,000. Kibanda kinachofungua saa 12 kwa siku hutumia saa 8,000 kwa chini ya miaka miwili, na saa 16,000 kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu. Nyuzi 10 tu za vumbi na bati zimekula nusu ya maisha. Kwa hiyo fundi anayebadilisha kapasita aweke za nyuzi 105, ambazo bei yake haizidi kwa kiasi cha kuumiza, na apige brashi bodi nzima kabla ya kufunga. Mwenye kibanda naye aache nafasi ya hewa nyuma ya skrini badala ya kuibana ukutani au kuifunika kitambaa.

Volti za tyubu hazisubiri waya wa ukutani

Kabla ya kugusa chochote, kuna kazi moja isiyorukwa. Tyubu ya inchi 20 au 21 hufanya kazi kwa volti elfu 20 hadi elfu 27 kwenye kofia ya mpira iliyobandikwa mgongoni mwake. Kioo chenyewe hutunza umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa, wakati mwingine kwa siku nyingi.

Namna ya kuutoa ni hii. Chomoa plagi. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini imara wa plastiki na waya wenye klipu pande zote mbili. Klipu moja ibane shingo ya chuma ya bisibisi. Ya pili ibane waya wa suka usio na ganda unaokatiza mgongoni mwa tyubu, ukigusa rangi nyeusi iliyopakwa kioo. Usiibane kwenye bodi, maana mshtuko ukipitia huko utaua vifaa vilivyokuwa vizima. Mkono wa pili uweke mfukoni, ili umeme ukikosea njia usipite kifuani. Sasa ingiza ncha ya bisibisi polepole chini ya kofia ya mpira hadi iguse chuma. Utasikia mlio mkavu, au hutasikia kitu. Subiri dakika chache kisha rudia, kwa sababu chaji kidogo hujirudisha yenyewe. Halafu geukia kapasita kubwa ya volti 400 na uimalize kwa balbu ya wati 60 yenye waya mbili; usitumie bisibisi, maana cheche yake hula shaba ya bodi.

Fundi anayefundisha kijana kazi hii bila kumfundisha hatua hizo kwanza anamkosea, hata kama yeye mwenyewe amefanya kazi miaka mingi bila kudhurika.

Kusoma dalili kwa mpangilio

Swali la kwanza la fundi mzuri halihusu bodi.

"Fundi, imezima jana usiku tukiwa tunacheza."

"Ilizima yenyewe, au jenereta ndilo lililoanza kuguguma?"

Jibu la swali hilo hupunguza nusu ya upekuzi. Ikiwa jenereta lilitangulia, anza na sehemu ya umeme. Ikiwa skrini ilianza kucheza siku kadhaa kabla, ikipigwa kofi inarudi, anza na maungio ya bodi. Ikiwa picha ilififia mwezi hadi mwezi, fikiria tyubu.

Ikiwa imekufa kabisa, tazama fyuzi. Fyuzi iliyopasuka na kuacha masizi meusi ndani ya kioo inasema kuna shoti ya moja kwa moja: dayodi za kugeuza umeme, posista, au transista ya umeme. Kuweka fyuzi nyingine na kuwasha ni kupoteza fyuzi. Weka badala yake balbu ya wati 100 ya nyuzi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, njia iko wazi. Fyuzi nzima kwenye televisheni iliyokufa inaeleza jambo tofauti: mara nyingi ni rezista ya kuanzishia iliyokatika, au kapasita ndogo iliyokauka.

Ikiwa inatoa mlio wa tik-tik bila picha, sehemu ya umeme inajaribu kuamka na kukuta mzigo mzito. Chomoa transista ya mistari, weka balbu ya wati 60 mahali pa mzigo, kisha pima. Televisheni nyingi za Kichina za inchi 21 hutaka takribani volti 110 hadi 115 hapo. Volti zikitulia, sehemu ya umeme ni nzima na ubaya uko mbele.

Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo unaonyesha kwamba mwale hauendi juu na chini. Punguza mwanga mara moja, kwa sababu mstari huo unaweza kuunguza fosfa na kuacha kovu la kudumu, kisha tafuta aisii ya wima, rezista inayoilisha, na maungio yake. Mstari uliosimama wima ni nadra zaidi, na huelekeza kwenye koili za mlalo au kapasita iliyo kwenye njia yake.

Uso mzima ukiwa mweupe au wa rangi moja, na mistari myembamba ya mshazari, pima volti takribani 180 zinazolisha bodi ya shingoni. Mara nyingi kapasita ya maikrofaradi 10 kwa volti 250 imekauka. Volti zikiwapo na rangi moja ikabaki imekwama, huenda kathodi imegusana na filamenti ndani ya tyubu.

Picha yenye ukungu ambayo husafika baada ya nusu saa, hasa kati ya Aprili na Oktoba mvua zinaponyesha, huwa na kutu au unyevu kwenye soketi ya shingoni. Soketi hiyo hubadilishwa kwa fedha kidogo, na wengi walioambiwa tyubu imekwisha walihitaji soketi tu.

Ufa usioonekana

Katika dalili zote hizo, kuna ubaya mmoja unaojificha nyuma yake mara nyingi kuliko mwingine. Geuza bodi, safisha kwa spiriti, kisha imulike kwa taa ya pembeni. Tazama miguu ya flaibeki, ile transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu, ya transista ya mistari, ya transfoma ndogo inayoisukuma, na ya plagi ya koili za shingoni. Katikati ya tone la risasi utaona duara jembamba la kijivu linalouzunguka mguu, kama pete. Huo ni ufa. Flaibeki ni nzito na hupata moto. Kila skrini ikiwashwa chuma hupanuka, ikizimwa hunywea, na barabara mbaya iliyopitiwa na lori huongeza yake. Mwishowe mguu hucheza ndani ya risasi.

Kuongeza risasi juu ya ufa hakutoshi. Nyonya risasi ya zamani yote, kwaruza mguu mpaka ung'ae, weka fluksi, kisha chomelea upya kwa pasi yenye moto wa kutosha ili risasi ishike shaba na mguu kwa pamoja. Kazi hiyo inachukua muda mfupi na haihitaji kipuri hata kimoja, lakini ndiyo inayotenganisha matengenezo ya miezi na matengenezo ya miaka.

Transista haifi peke yake

Transista ya mistari ndiyo kipuri kinachobadilishwa zaidi na kinachopoteza fedha zaidi. Hupokea mapigo ya volti elfu moja na zaidi kila mstari unapochorwa, na zinazotumika sana zimetengenezwa kuhimili 1,500. Ikipata shoti, fundi hufunga nyingine, picha hurudi, na baada ya dakika kumi inakufa tena. Mteja hulaumu transista feki. Feki zipo kweli, zenye jina lilelile na kipande kidogo cha silikoni ndani, lakini mara nyingi muuaji ni mwingine.

Wauaji wa kawaida ni wanne. Flaibeki yenye shoti ndani ya nyuzi zake. Kapasita ya volti 1,600 iliyo sambamba na transista, ambayo ikipungua thamani mapigo hupanda juu mno. Transfoma ya kusukuma yenye mguu uliopasuka, inayoiacha transista ikiwa nusu imefunguka na kuichemsha. Na volti za sehemu ya umeme zilizopanda kwa sababu ya kapasita iliyokauka. Kabla ya kufunga transista ya pili, pima yote manne. Na kapasita ile ya 1,600 usiibadilishe kwa yoyote iliyo karibu: ikiwa ndogo kuliko iliyoandikwa, volti za tyubu hupanda, cheche huanza kuruka, na miale ya eksirei inayotoka kwenye tyubu huongezeka.

Vipuri vinavyosafiri na ujuzi unaosafiri

Juba haitengenezi vipuri. Transista, aisii na flaibeki huja hasa kupitia Uganda, kwa barabara ya lami ya Nimule yenye urefu wa kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Kinachokosekana katika masoko ya Juba ya Konyo Konyo na Custom hutafutwa Kampala, au mbali zaidi kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kipuri chenye bei ndogo Nairobi hufika kikiwa kimebeba nauli, ushuru na siku za kusubiri, na hesabu ya mteja lazima ivijumuishe vyote.

Ujuzi nao ulifuata barabara hiyo. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wafanyabiashara na mafundi kutoka Uganda na Kenya walimiminika Juba. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwatawanya wengi. Mwaka 2016 Uganda ilituma msafara wa jeshi kuwaondoa raia wake. Fundi akiondoka kwa haraka habebi benchi lake, na wanafunzi wake hubaki na nusu ya somo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2016. Kwa fundi, faida ya jumuiya hiyo itaonekana siku kijana wa Juba atakapoweza kwenda kujifunza Kampala au Dar es Salaam na kurudi na cheti kinachotambulika pande zote mbili za mpaka.

Kwa sasa njia inayoleta nafuu ni bodi za jumla za Kichina. Bodi moja hufaa televisheni nyingi za inchi 14 hadi 21, na mafundi wa makabati ya gemu duniani hutumia mbinu hiyohiyo chasisi ya asili inapokosa vipuri. Masharti yake ni ya lazima: idadi ya pini za shingo ifanane, filamenti ipate volti 6.3, na ukinzani wa koili za shingoni ulingane na unaotakiwa na bodi. Anayefunga bodi bila kupima koili hupata picha iliyonywea, au huunguza bodi mpya siku ya kwanza.

Chogo au bapa?

Sasa lile swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Upande wa bapa una hoja nzito kuliko wapenzi wa chogo wanavyokubali. Televisheni ya chogo ya inchi 21 hula takribani wati 75. Bapa ya LED ya inchi 24 hula karibu wati 30. Kwa saa 10 hizo ni wati-saa 750 dhidi ya 300, na kwa mtu anayenunua petroli kwa lita au anayetegemea betri tofauti hiyo hurudi kila siku. Baadhi ya bapa huendeshwa moja kwa moja na betri ya volti 12, bila inveta. Kwa anayeanza kibanda leo kwa sola, bapa ndiyo sahihi.

Upande wa chogo una hoja zake, na si za mazoea tu. Chogo huchora picha papo kwa papo. Bapa nyingi, zikipokea mawimbi ya zamani ya nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, hukawia kuyageuza, na mchezaji wa gemu ya mpira au ya ngumi huuhisi ukawiaji huo kidoleni. Bunduki za gemu za zamani hufanya kazi kwenye chogo pekee, kwa kuwa hutegemea mwale unavyochora kioo. Na bapa ikipasuka kioo, hakuna matengenezo yenye maana. Chogo hustahimili kibanda kilichojaa vijana kwa miaka.

Kuhamia dijitali hakukuua chogo, ingawa wengi walidhani hivyo. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Kilichokufa ni sehemu ya kunasa stesheni tu. King'amuzi kikiunganishwa kwa nyaya tatu, kioo kiliendelea kuonyesha. Skrini haihitaji kunasa chochote ili ifae, na kabati la gemu lililitambua hilo tangu mwanzo.

Jambo linaloamua ni tyubu. Sony iliacha kutengeneza Trinitron zake mwaka 2008, na viwanda vingine vikubwa vimefuata. Kila tyubu nzima iliyobaki haina mrithi, ilhali kila kilichopo kwenye bodi kina mbadala. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: pima tyubu kwanza. Ikiwa filamenti inawaka rangi ya chungwa, rangi tatu ziko sawa na picha ina nguvu, tengeneza, hata ikibidi kubadili bodi yote. Ikiwa imefifia kiasi cha kuhitaji kusukumwa volti za filamenti ili ionekane, mwambie mteja ukweli kwamba umemnunulia miezi michache. Ikiwa shingo imepata ufa na hewa imeingia, usimtoze hata senti ya kujaribu.

Tyubu iliyokufa ina deni

Tyubu isiyofaa haitupwi mtoni wala jalalani. Kioo cha mgongo na cha shingo kina risasi nyingi ndani yake, ile iliyowekwa kuzuia eksirei, na tyubu moja ya kawaida inaweza kubeba kilo moja na zaidi. Unga wa fosfa ulio ndani haufai kuvutwa puani. Hatari kubwa zaidi huletwa na shaba: vijana huvunja shingo kutafuta koili, kisha huchoma waya ili kuondoa plastiki, na moshi huo huingia vibandani na majumbani. Nairobi ina kituo cha kuchakata taka za umeme. Juba inahitaji angalau mahali pa kukusanyia, na njia ya kuzipeleka zinakoweza kushughulikiwa. Mafundi wenyewe wanaweza kuanza kwa kuweka tyubu zilizokufa mahali pamoja zikiwa nzima, na kufungua koili kwa bisibisi badala ya nyundo.

Kinachopaswa kubadilika

Nikikusanya yote, gharama kubwa ya skrini za zamani Juba hutokana na kurudia. Skrini ileile hurudi benchini kwa ubaya uleule, kwa sababu ilirudishwa kwenye jenereta lilelile. Tiba yake haihitaji mradi wa wafadhili. Fundi akikabidhi skrini, aandike kwenye karatasi alichokuta na alichobadilisha, ili atakayefuata asianze upya. Apime volti za kibanda, au amwombe mteja azipime, kabla ya kutoa ahadi yoyote ya muda. Mwenye kibanda anunue stebilaiza kabla ya kununua skrini ya pili, azime skrini kabla mafuta ya jenereta hayajakwisha, na asiunganishe friji na gemu kwenye waya mmoja. Kijana anayejifunza afundishwe kwa mpangilio: kutoa chaji, kuuliza, kupima, kisha kubadilisha.

Mashine hizi zitapungua, na ni sawa zipungue kwa kadiri umeme wa jua unavyoenea. Lakini mazoea ya kuuliza chanzo kabla ya kubadilisha kipuri hayatapitwa na wakati. Inveta, betri za lithiamu na bapa za LED zitakazochukua nafasi ya chogo zinauawa na umeme uleule, joto lilelile na vumbi lilelile. Fundi aliyejifunza kwenye chogo kwamba ugonjwa unaweza kuwa kwenye soketi atazitibu hizo pia, na mji usio na gridi ya kutegemewa unawahitaji mafundi wa aina hiyo kuliko unavyohitaji skrini mpya.